Sabuni, Siagi na Qasil: Historia ya Kunawa Uso kutoka Kamukuzi hadi Nakivale

Nilipokuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi huko Nakivale, mwalimu wa zamu alimtoa rafiki yangu mstarini. Rafiki huyo ni Msomali, na karibu na masikio yake palikuwa na mabaki ya unga wa kijani. Mwalimu akamwamuru aende bombani autoe uchafu ule kwa sabuni. Darasa zima lilicheka, nami nilicheka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba unga ule unaitwa qasil, na kwamba mama yake alikuwa amempaka asubuhi ile ili kumsafisha uso. Aliadhibiwa kwa uchafu siku ambayo pengine alikuwa msafi kutuzidi sote.

Insha hii inatokana na kicheko kile. Katika masomo ya historia tumezoea kusikia kwamba wageni kutoka Ulaya walituletea mambo matatu: dini, shule na usafi. Mawili ya kwanza yamejadiliwa sana. La tatu tunalipokea bila kuuliza. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya usafi wa uso katika eneo letu haikuanza na sabuni ya dukani, na kwamba swali kubwa zaidi ni nani alikuwa na mamlaka ya kumwita mwenzake mchafu.

Nianze na kitu kipya. Ninaishi bwenini Kamukuzi, hapa Mbarara, na mwenzangu wa chumbani ana chupa ya maji yanayoitwa maji ya miseli. Jioni analowesha pamba, anapangusa poda, wanja na rangi ya mdomo, kisha analala. Chupa inaeleza kwamba hakuna haja ya kusuuza. Maji haya yalipata umaarufu kutoka Ufaransa, ambako kampuni ya Bioderma iliyauza katika miaka ya 1990 kwa watu wenye ngozi nyepesi kudhurika. Leo kampuni nyingi zinayatengeneza.

Elimu iliyo ndani ya chupa ni ya zamani zaidi. Mwaka 1913, mwanakemia James William McBain, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Bristol, Uingereza, alieleza kwamba chembe za sabuni ndani ya maji hujikusanya katika vifungu vidogo, akaviita miseli. Kila chembe ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia hujificha ndani, vichwa hubaki nje. Mafuta ya usoni na vipodozi vikikutana na miseli, huvutwa na ile mikia na kutoka pamoja na pamba. Tofauti ya maji haya na sabuni ya kipande ni upole. Sabuni ya kawaida ina magadi, na kipimo chake cha pH hufika 9 au 10, wakati ngozi ya uso iko karibu na 5. Ndiyo maana uso ulionawishwa kwa sabuni ya kufulia hukaza na kupauka.

Sasa tutazame kilima hiki cha Kamukuzi. Kabla ya mabweni na ofisi za wilaya, hapa palikuwa na ikulu ya Omugabe, mfalme wa Ankole, hadi falme zilipofutwa nchini Uganda mwaka 1967. Ankole ilikuwa nchi ya ng'ombe, na ng'ombe walitoa siagi ya kula na ya kujipaka. John Roscoe, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa mtafiti wa mila, aliandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba wanawake wa jamii ya wafugaji walijipaka siagi na udongo badala ya kuoga kwa maji. Msomaji wa Ulaya wa wakati ule angeona hapo ushenzi. Msomaji wa leo anaweza kuona jambo jingine: mafuta huyeyusha mafuta. Siagi ikisuguliwa usoni hulegeza vumbi na jasho lililokauka, kisha hupanguswa, na ngozi hubaki laini katika jua la nyanda kavu. Sisemi kwamba siagi ni maji ya miseli. Nasema kwamba kusafisha ngozi bila kuisuuza kwa maji, jambo lililohesabiwa kuwa upungufu wa ustaarabu hapa Ankole, limekuwa sifa ya kuuzia bidhaa.

Lugha nayo ni shahidi, na kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili ushahidi huu uko mikononi mwetu. Kiswahili hakina neno moja tu la kuosha. Tuna kunawa, kuoga, kufua, kuosha, kutawadha, kupangusa. Jamii isiyojali usafi isingehitaji kutofautisha hivyo. Zaidi ya hayo, neno sabuni lenyewe halikutoka kwa Wazungu. Lina asili ya Kiarabu, likapita pwani katika biashara ya Bahari ya Hindi, kisha likapanda bara. Waganda husema ssabbuuni, Wanyankole esabuuni, Wanyarwanda isabune. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika ikulu ya Kabaka wa Buganda mwaka 1844, zaidi ya miaka 30 kabla ya wamisionari wa Kianglikana kufika hapo mwaka 1877. Laiti sabuni ingekuwa zawadi ya wamisionari, tungetarajia ije na jina lao. Huko pwani kwenyewe, wanawake walikuwa na liwa ya kupaka usoni na singo ya kumsugulia bibi harusi, mambo ambayo hata leo somo humfundisha mwari wake.

Basi Ulaya ilileta nini? Ilileta sabuni ya kiwandani, na pamoja nayo matangazo yaliyofundisha kwamba weupe na usafi ni kitu kimoja. Hapa historia inafika nyumbani kwetu, kwa kuwa familia yangu ilitoka Kongo. Kampuni ya Lever Brothers ya Uingereza, iliyoanza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884, ilihitaji mafuta ya mawese kwa wingi. Mwaka 1911 ilipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo, na makao yake kwenye mto Kwilu yakaitwa Leverville. Watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa ujira duni, na unyonyaji huo ulikuwa miongoni mwa sababu za uasi wa Wapende mwaka 1931. Mtu aliyeitwa mchafu ndiye aliyekata mawese yaliyoiosha Ulaya. Tunapofundishwa kwamba usafi uliletwa, ni haki pia tufundishwe ulibebwa mgongoni mwa nani.

Nakivale ni mahali ambapo historia hizi zote zinakaa jirani. Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Katika viwango vya kimataifa vya misaada, mkimbizi anapaswa kupata gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mwezi. Ni kipimo chenye nia njema, lakini hakina nafasi ya kuuliza mtu alikuwa akinawa kwa nini kabla hajakimbia.

Shangazi yangu hupamba maharusi huko Base Camp. Kwa miaka mingi amekuwa akitoa vipodozi kwa mafuta ya kujipaka na pamba, kisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Nilipompelekea chupa ya maji ya miseli aijaribu, ilitoa poda vizuri, lakini wanja usioshika maji uligoma. Akarudi kwenye mafuta yake, wanja ukatoka. "Mtoto wangu," aliniambia, "hii ni nzuri, lakini haijui kila kitu." Ndivyo ilivyo: vipodozi vinavyostahimili maji huondoka kwa urahisi zaidi kwa mafuta.

Na qasil je? Ni majani ya mti wa jamii ya mkunazi, yaliyokaushwa na kusagwa. Yana saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu, na jina lake linatokana na neno la Kilatini la sabuni. Saponini nazo zina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, na ndani ya maji huunda miseli. Yaani unga ule wa kijani ulikuwa ukifanya kazi ileile inayofanywa na chupa ya mwenzangu. Waislamu wanajua mti huu kwa namna nyingine pia: majani ya mkunazi hutiwa katika maji ya kumwoshea maiti. Jani linaloaminiwa kumwandaa mtu kwa safari ya mwisho ndilo tuliloliita uchafu mstarini.

Huenda msomaji akasema ninaidharau sabuni. Sivyo. Kunawa mikono kwa sabuni huzuia kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara, na katika makazi yenye watu wengi hilo ni suala la uhai. Lakini mkono si uso, na kuzuia ugonjwa si sawa na kumfundisha mtoto kuona haya kwa dawa ya mama yake.

Kwa kuhitimisha, napendekeza kwamba tunapoandika historia ya usafi Afrika Mashariki, tuache kuuliza sabuni ilifika lini tu. Tuwaulize bibi zetu walinawa kwa nini, tuandike majina ya majani na mafuta kwa lugha zao, wakati wangali hai. Nakivale inatosha kwa tasnifu nzima: mitaa michache, mataifa mengi, na kila nyumba ina njia yake.

Rafiki yangu sasa anaishi Mbarara. Nilimsomea insha hii kabla ya kuiwasilisha. Alikumbuka bomba lile, na alikumbuka nani walicheka. Nilimwomba radhi. Akanichotea kijiko cha qasil katika karatasi, akanielekeza nichanganye na maji kidogo, nisubiri ianze kukauka, kisha ninawe.