Kutoka Mkuki hadi Bastola: Silaha za Kujilinda Mikinduri

Kabla ya ukoloni, ulinzi wa Mikinduri na Tigania yote, chini ya vilima vya Nyambene nchini Kenya, ulitegemea mkuki, ngao, upinde na sime. Kijana wa Kimeru alijifunza kuzitumia katika rika lake, miongoni mwa wenzake wa tohara.

Bunduki ilikuja na serikali ya kikoloni, na serikali hiyo haikutaka Mwafrika aishike. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, walowezi walitembea na bastola viunoni na kulala nazo karibu. Mwafrika aliyekutwa na silaha ya moto bila kibali aliweza kunyongwa; Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na wakoloni, alishtakiwa kwa kosa hilo, kwa bastola na risasi 6, akanyongwa Februari 1957. Sheria hiyo haikuwa na usawa hata kidogo.

Msituni, wapiganaji wa Mau Mau walijitengenezea bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa kuvuta. Mafundi hao wanastahili heshima, kwani bomba liliweza kumpasukia mpigaji mkononi. Shabaha ilikuwa ya karibu sana, na risasi zilikuwa adimu mno kupotezwa kwa mazoezi. Musa Mwariama, kiongozi wao kutoka Meru, alitoka msituni baada ya uhuru, Desemba 1963.

Leo raia anayetaka bastola ya kujilinda huomba leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Tangu marekebisho ya 2014, maombi hushughulikiwa na bodi maalumu ya leseni.