Upashanaji wa Habari na Kusaidiana katika Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Kati

Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Kati, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake CCAP, ni umoja wa sinodi tano zilizoenea katika Malawi, Zambia na Zimbabwe: Livingstonia kaskazini mwa Malawi, Nkhoma katikati, Blantyre kusini, Harare nchini Zimbabwe, na Sinodi ya Zambia. Sinodi ni baraza linalosimamia presbiteri kadhaa, na presbiteri nayo ni baraza la wachungaji na wazee wa kanisa kutoka sharika za eneo moja. Chini yake kila usharika huongozwa na wazee waliochaguliwa na washarika wenyewe, wakiketi pamoja na mchungaji wao. Kanisa la muundo huu halina askofu ambaye neno lake lingetosha kuliweka pamoja, na katika CCAP hata Baraza Kuu lililo juu ya sinodi zote lina nguvu ndogo, kwa kuwa kila sinodi ina ofisi yake, fedha zake, shule na hospitali zake, na kwa sehemu kubwa taratibu zake. Umoja wake kwa hiyo umetegemea, tangu mwanzo, habari zinazopita kati ya sehemu zake na msaada unaozifuata habari hizo. Zilikopita vizuri umoja ulionekana kwa matendo, na zilikokatika ulibaki kuwa jina.

Chimbuko

CCAP ilitokana na misheni tatu zilizoanza kazi pande tofauti za Ziwa Nyasa na Mto Shire katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Livingstonia iliasisiwa mwaka 1875 na Kanisa Huru la Uskoti huko Cape Maclear, ikahamia Bandawe mwaka 1881 kwa sababu ya malaria iliyowaua wengi, na kuanzia mwaka 1894 makao yake yakawa Khondowe, kwenye uwanda wa juu ulio kaskazini mwa ziwa. Blantyre iliasisiwa mwaka 1876 na Kanisa la Uskoti, ambalo Kanisa Huru lilikuwa limejitenga nalo mwaka 1843. Misheni ya tatu ilitoka katika Kanisa la Kireformati la Kidachi la Rasi, Afrika Kusini, ambalo mjumbe wake Andrew Charles Murray alifika mwaka 1888, na mwaka uliofuata yeye na T. C. B. Vlok wakafungua kituo cha Mvera. Baadaye makao ya misheni hiyo yalihamishiwa Nkhoma.

Mtu angetazamia kwamba makanisa mawili yaliyogombana Uskoti yangeupeleka ugomvi wao Afrika, lakini mahitaji ya mahali hapo yalikuwa na nguvu kuliko kumbukumbu za nyumbani. Blantyre ilipokosa kiongozi katika miaka yake ya kwanza, watu wa Livingstonia, akiwemo daktari Robert Laws, walipokezana kwenda kuisimamia. Murray naye, alipofika akiwa mgeni wa nchi, alipokewa na Waskoti na kukaa nao kwanza kabla hajatafuta mahali pa kazi yake mwenyewe. Msaada mwingine ulitoka mbali zaidi na haujapewa heshima inayoustahili: mwaka 1876 Waafrika wanne kutoka chuo cha Lovedale, Afrika Kusini, walikuja Livingstonia kwa hiari yao, na mmoja wao, William Koyi, Mxhosa aliyeweza kuelewana na Wangoni kwa sababu lugha zao zilikaribiana, ndiye aliyeifungulia misheni mlango kwa Wangoni wa mfalme M'mbelwa, akafanya kazi kati yao hadi alipofariki mwaka 1886.

Njia za habari

Katika miaka hiyo ya mwanzo habari zilisafiri kwa stima na kwa miguu. Stima Ilala, ambayo vipande vyake vilibebwa na wapagazi kuvuka maporomoko ya Mto Shire mwaka 1875 na kuunganishwa tena juu yake, ilipeleka barua, dawa na wagonjwa kati ya vituo vya pwani ya ziwa, na kutoka hapo matarishi, yaani watu walioajiriwa kupeleka barua, waliendelea nchi kavu. Uchapaji ulifuata haraka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 Blantyre ilichapisha gazeti lake, Life and Work, na Livingstonia ilitoa Aurora kuanzia mwaka 1897. Magazeti hayo yalieleza shule zilizofunguliwa, waliobatizwa, njaa, magonjwa na safari, na yalisomwa Uskoti na katika vituo vya jirani pia, hivyo kwamba mmisionari wa Blantyre aliweza kujua kilichompata mwenzake wa Bandawe bila kuonana naye. Ikumbukwe hata hivyo kwamba yaliandikwa zaidi na Wazungu kwa ajili ya Wazungu; mwalimu wa kijijini, ambaye juu ya mabega yake kazi yote ilisimama, alitajwa mara nyingi humo bila kupewa nafasi ya kusema.

Mikutano ya pamoja ilipanua njia hizo. Misheni za Nyasaland, kama nchi ya Malawi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, zilikutana Livingstonia mwaka 1900, Blantyre mwaka 1904 na Mvera mwaka 1910, zikalinganisha mitaala ya shule, masharti ya ubatizo na mipaka ya maeneo ya kazi. Tunda kubwa kuliko yote la ushirikiano huo lilikuwa Biblia ya Kinyanja, lugha inayoitwa pia Kichewa, iliyotafsiriwa kwa pamoja na misheni hizo tatu na kutoka ikiwa kamili mwaka 1922. Kuanzia hapo barua au tangazo lililoandikwa Nkhoma liliweza kusomwa kanisani Blantyre kwa maneno yaleyale ya imani, ingawa kaskazini Kitumbuka kiliendelea kuwa lugha ya ibada, jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa na uzito wake.

Muungano wa mwaka 1924

Presbiteri ya Livingstonia iliundwa mwaka 1899 na ya Blantyre mwaka 1904. Zote mbili ziliungana mwaka 1924 katika mkutano uliofanyika Livingstonia, Laws akiwa moderata wa kwanza, yaani mchungaji anayechaguliwa kuongoza vikao vya baraza kwa muda maalumu. Presbiteri ya Nkhoma ilijiunga mwaka 1926. Inafaa kutambua kwamba muungano huu ulitangulia kwa miaka mitano ule wa makanisa mama ya Uskoti, yaliyorudiana mwaka 1929.

Muungano wa mabaraza haukuwa muungano wa mali. Kando ya presbiteri, walimoketi Waafrika na Wazungu pamoja, kila misheni iliendelea kuwa na halmashauri ya wamisionari peke yao, na ni halmashauri hiyo iliyoshika fedha, majengo na upangaji wa watumishi. Wachungaji wa kwanza Waafrika, kama Harry Kambwiri Matecheta aliyewekewa mikono Blantyre mwaka 1911, na Yesaya Zerenje Mwasi, Hezekiah Tweya na Jonathan Chirwa waliowekewa mikono Livingstonia mwaka 1914, walipata kiti na kura katika presbiteri iliyokuwa na haki ya kujadili mambo mengi ambayo haikuwa na uwezo wa kuyatekeleza. Mwasi alijitenga mwaka 1933 na kuanzisha kanisa lake, akiziandika sababu zake kwa kirefu. Kuondoka kwake kunastahili kuhesabiwa katika historia ya mawasiliano ya kanisa hili, kwani kulionyesha kwamba kumpa mtu habari ya mambo yaliyokwisha kuamuliwa hakuwezi kuchukua nafasi ya kumshirikisha katika kuyaamua. Hali ilianza kubadilika mwaka 1956, presbiteri kuu zilipofanywa sinodi na kazi za misheni zikaanza kukabidhiwa kanisa lenyewe.

Barua ya mshirika anayehama

Chombo kidogo kuliko vyote katika mtandao huu, na pengine chenye kazi kubwa kuliko vyote, ni cheti cha uhamisho. Mshirika anayehama hupewa na baraza la wazee wake hati inayothibitisha kwamba amebatizwa, anashiriki meza ya Bwana na hana shauri la nidhamu, naye huikabidhi kwa wazee wa usharika anakokwenda, nao wakampokea kama mmoja wao. Katika nchi iliyopeleka maelfu ya wanaume kufanya kazi katika mashamba na migodi ya Rhodesia na Afrika Kusini, hati hiyo ilimpa mgeni jamaa wa kumzika akifa na wazee wa kumwandikia mkewe aliyebaki kijijini.

Sinodi ya Harare ilizaliwa kutokana na uhamaji huo. Vlok alianza kazi mwaka 1912 miongoni mwa vibarua kutoka Nyasaland walioishi Salisbury, mji ambao sasa ni Harare, na sharika zilizokua katika vitongoji, migodi na mashamba makubwa ya Wazungu zikawa sinodi mwaka 1965. Kwa vizazi viwili watu waliabudu humo kwa Kichewa huku watoto wao wakikua na Kishona. Baada ya mwaka 2000, mashamba hayo yalipotwaliwa katika mageuzi ya ardhi ya Zimbabwe, wafanyakazi wengi wenye asili ya Malawi walipoteza kazi na makao kwa wakati mmoja, na sharika za mashambani zilitawanyika pamoja nao. Sinodi ya Zambia, iliyoundwa mwaka 1984, ina historia nyingine: sehemu kubwa ya kazi ya Livingstonia upande ule wa mpaka iliingia katika Kanisa la Muungano la Zambia mwaka 1965, na sharika za mashariki zilizotaka kubaki katika CCAP ndizo zilizokuja kupewa sinodi yao.

Mkono wa Livingstonia ulifika Tanzania pia, ingawa kwa muda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipowaondoa wamisionari Wajerumani Tanganyika, sharika za Wamoravian na za misheni ya Berlin huko Rungwe na kandokando ya ncha ya kaskazini ya ziwa ziliachwa bila wachungaji, na Waskoti wa Livingstonia pamoja na wainjilisti Waafrika walizihudumia hadi Wajerumani hao waliporuhusiwa kurudi katika miaka ya 1920. Wakristo wa Kinyakyusa wa huko walisaidiwa hivyo na jirani aliyewarudishia nyumba yao wakati ulipofika, na tendo hilo linapaswa kukumbukwa pande zote mbili za Mto Songwe, ulio mpakani.

Umoja wa wanawake

Mawasiliano ya kila siku kati ya sharika hayabebwi hasa na ofisi za sinodi; yanabebwa na vyama vya wanawake, ambavyo Blantyre huitwa Mvano, Nkhoma huitwa Chigwirizano na Livingstonia huitwa Umanyano. Wanachama hukutana kila wiki kwa sala na mafundisho, huwatembelea wagonjwa, huketi na wafiwa, huchanga chakula na rambirambi, na husafiri kwa makundi kwenda mikutano ya presbiteri, wakirudi na habari za ndoa, misiba, ukame na wachungaji wapya. Kwa kuwa mchungaji mmoja huweza kuwa na nyumba nyingi za sala zilizotawanyika vijijini, mara nyingi ni mwanamke wa chama hicho au mzee wa kanisa anayejua kwanza kwamba nyumba fulani haina unga. Pamoja na hayo wanawake walingoja hadi kufikia karne ya 21 ndipo sinodi za Livingstonia na Blantyre zilipowafungulia uchungaji, na Nkhoma ilichelewa zaidi. Tofauti hiyo inaonyesha jinsi sinodi zinavyoamua kila moja peke yake hata katika mambo mazito.

Mpaka wa Nkhoma na Livingstonia

Mahali ambapo mtandao huu umejeruhiwa zaidi ni mpaka wa Nkhoma na Livingstonia. Livingstonia iliikabidhi misheni ya Kireformati kituo cha Kasungu katika miaka ya 1920, kwa makubaliano ya wamisionari waliogawana nchi, lakini watu hawakukaa kwa kufuata makubaliano hayo: Watumbuka walihamia kusini, Wachewa kaskazini, na kila upande ulitaka ibada katika lugha yake na wachungaji wa kwao. Mgogoro umeendelea kwa miongo mingi, umefikishwa mara kwa mara mbele ya Baraza Kuu bila kumalizika, na mwishowe sinodi zote mbili zikaanza kufungua sharika ndani ya eneo la nyingine. Waliosoma pamoja katika chuo cha theolojia cha Zomba, kilichofunguliwa mwaka 1977 kuwafundisha watumishi wa sinodi mbalimbali pamoja, wamejikuta wakiwa wachungaji washindani katika mji mmoja.

Sababu moja ya udhaifu wa mawasiliano kati ya sinodi ni mwelekeo wa fedha. Livingstonia na Blantyre zina urafiki wa zamani na Waskoti, Blantyre ina ushirikiano na presbiteri ya Pittsburgh nchini Marekani, na Nkhoma imeegemea Wareformati wa Afrika Kusini na Uholanzi. Hivyo katibu mkuu wa sinodi huweza kuwa na barua nyingi zaidi za kujibu kwenda ng'ambo kuliko kwenda sinodi ya jirani. Hospitali za Ekwendeni, Embangweni, Nkhoma na Mulanje hutibu watu wa dini zote na hushirikiana kupitia Jumuiya ya Afya ya Kikristo ya Malawi, ambamo Wakatoliki na Waanglikana wamo pia, kwa utaratibu imara kuliko wowote uliowekwa na CCAP yenyewe kwa ajili ya sinodi zake.

Sinodi hizo zimeweza hata hivyo kusema pamoja na ndugu zao wa mbali saa ya hatari. Mwezi Juni 1992, miezi michache baada ya maaskofu Wakatoliki kuukosoa utawala wa Hastings Banda, ambaye mwenyewe alikuwa mzee wa Kanisa la Uskoti, viongozi wa CCAP pamoja na ujumbe wa Shirikisho la Dunia la Makanisa ya Kireformati walimwandikia rais barua ya wazi wakidai mageuzi. Kwa upande wa kusaidiana, kimbunga Freddy kilipoikumba Malawi kusini mwezi Machi 2023 na kuua mamia ya watu, wengi wao ndani na kandokando ya jiji la Blantyre, majengo ya makanisa na shule yaligeuzwa kuwa makazi ya waliobomolewa nyumba. Huko kusini ndiko iliko Sinodi ya Blantyre, na sharika zake zililazimika kuwalisha na kuwazika watu huku washarika wenyewe wakiwa miongoni mwa waliopotelewa na kila kitu.