Mafunzo ya Uongozi na Mizani ya Mkulima



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, nimetakiwa niandike machache juu ya mafunzo ya uongozi wa kilimo na ushirika, ambayo nilijiunga nayo kwa idhini yenu. Haifai nieleze habari zangu tu, kwani safari ya mtu mmoja kwenda darasani ni tawi dogo la mti mkubwa. Nitaanza na waliotutangulia katika nchi hii ya pamba.

Kabla ya ushirika, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanya biashara binafsi. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake mpaka gulioni. Huko alikuta mizani ambayo ni mali ya mnunuzi, na msomaji wa mizani naye ni karani wa mnunuzi. Asiyejua kusoma namba alipokea alichopewa. Ndipo wakulima walipoanza kuweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakikisha uzito. Yafaa tulitie moyoni jambo hili: katika sehemu hizi ushirika ulianza kwa kutaka kujua, kabla ya kutaka faida.

Mwaka 1955 vyama vya pamba viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na Bwana Paul Bomani akawa Meneja Mkuu wake. Yeye alikuwa amekwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Baada ya Uhuru haikuwa lazima tena kuvuka bahari, maana mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa mjini Moshi. Mwaka uliofuata kikaanzishwa huko huko kituo cha elimu ya ushirika kwa ajili ya wanachama na wanakamati, nacho kilipeleka masomo vijijini kwa njia ya posta na redio. Chuo kile kilikua, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Hata hivyo vyama vilienea upesi kuliko elimu. Mwaka 1966 Kamati Maalum iliyoundwa na Rais ilichunguza ushirika, ikaona kwamba wanachama wengi hawakuelewa vema chama ni nini, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na siasa iliingilia kazi. Mwaka 1968 shirikisho la Victoria lilivunjwa, na mahali pake pakashikwa na Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilifutwa kwa amri ya Serikali; kazi ya kununua mazao ikaachiwa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Kisha, soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, vyama vingi vilijikuta na madeni mazito bila mtaji.

Sisemi kwamba ujinga wa wanachama ndio ulioleta amri ya 1976. Amri ile ilitoka juu. Nasema hivi: chama ambacho wenyewe hawakijui hakina mtetezi siku ya dhiki. Mtu hapiganii nyumba ambayo hakuwahi kuingia ndani yake.

Jina langu lilipopelekwa mbele ya Mkutano Mkuu kwa ajili ya mafunzo, mzee mmoja alisimama akasema kuwa fedha ile ingetosha kununua mabomba ya kunyunyizia dawa. Akaongeza: "Huyu atarudi na cheti. Cheti kitatundikwa ukutani kwake. Sisi tutapata nini?" Wengine walicheka. Mimi niliona swali lile ni la haki, nikaondoka nalo.

Darasani tulikuwa watu wa kahawa, korosho, tumbaku na pamba. Ndugu mmoja wa tumbaku alitueleza jinsi pembejeo zinavyochukuliwa kwa mkopo wa chama kizima, hata mkulima aliyelipa deni lake akakatwa fedha kwa sababu ya jirani asiyelipa. Tulijadili jambo lile hadi usiku, kwa maana kila mmoja wetu alilijua kwa sura nyingine. Lakini somo gumu kuliko yote lilikuwa hili: mwalimu alitutaka tueleze hesabu za mwaka za chama bila kutumia neno moja la kihasibu, kana kwamba tunazungumza na mama aliyeleta gunia moja tu la pamba. Watu wenye vyeti vikubwa walishikwa na kigugumizi. Hapo niliona kwamba kujua hesabu ni nusu ya uongozi. Nusu ya pili ni kumfanya mwenye mali azijue.

Niliporudi, kwa ruhusa ya Bodi, tulianza mambo matatu. Kwanza, kila asubuhi ya ununuzi jiwe lenye uzito unaojulikana huwekwa juu ya mizani mbele ya wakulima kabla ya gunia la kwanza. Pili, karani hutaja uzito kwa sauti, na bei ya pamba safi na ya pamba fifi huandikwa ubaoni. Tatu, makisio na hesabu zilizokaguliwa husomwa katika vyama vya msingi kabla ya Mkutano Mkuu. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, bali yanahitaji watumishi wanaokubali kuulizwa. Maswali yaliongezeka, na mikutano ikawa mirefu. Mwaka mmoja wanachama walipunguza fungu la posho za safari, pamoja na posho ya katibu wenu! Nilisikia uchungu kidogo mfukoni, lakini nilijua ya kuwa chama kimepata wenyewe.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilosomwa na mwenye mali halimlindi.

Tangu Serikali ilipoagiza, katika msimu wa 2018, pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, dhamana iliyowekwa mikononi mwetu imekuwa kubwa. Kwa hiyo natoa shauri kwa miaka 10 ijayo: fungu la elimu lisiishie kwa makatibu na wajumbe. Kila chama cha msingi kichague wakulima wa kawaida, wanawake na vijana wakiwamo, wafundishwe kusoma mizani, stakabadhi na mizania. Siku watakapoweza kutukosoa kwa hoja, fedha ya masomo itakuwa imerudi kijijini.

Nawatakia nyote msimu mwema na mavuno ya kutosha.

Katibu wa Chama