Figo ya Baba, Tumbo la Mtoto

Daktari wa upasuaji hushughulika na kitu kilichofichwa ndani ya ngozi. Nikiisoma historia ya kazi yake kama mwanafunzi wa uzamili wa historia, naiona kuwa safari ndefu ya watu waliotaka kukiona kitu hicho, na ikiwezekana kukishika, kabla kisu hakijagusa mtu.

Mwaka 1775 makumbusho ya La Specola yalifunguliwa Florence, Italia. Humo mafundi walifinyanga miili kwa nta, tabaka kwa tabaka, ili watu wajifunze bila kutegemea maiti. Kazi ilikuwa nzuri, lakini ile nta haikuwa mwili wa mgonjwa aliyelala kitandani akisubiri. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Mwaka 1971, huko London, mashine ya CT iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield ilimpima mgonjwa wa kwanza. Sasa mwili wa mgonjwa mwenyewe ulionekana vipande vipande kama mkate uliokatwa, ila bado ilikuwa picha. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Chuck Hull alibuni mashine inayojenga kitu kwa kuweka tabaka jembamba juu ya tabaka. Ukiipa mashine ya namna hiyo vipimo vya CT, ile picha inageuka kitu cha kushika mkononi.

Watoto wanaohitaji figo ni miongoni mwa walionufaika. Joseph Murray alipofanikiwa kupandikiza figo mjini Boston, Desemba 1954, wagonjwa wake walikuwa mapacha wanaofanana, hivyo mwili haukuikataa figo ya ndugu yake. Kwa mtoto mdogo kuna tatizo jingine: nafasi. Mara nyingi anayejitolea ni mzazi, na figo ya mtu mzima ina urefu wa sentimita kumi au zaidi. Ikibanwa, au mishipa yake ya damu ikijikunja, inaweza kufa. Na ikishatolewa kwa mzazi, si wakati tena wa kuanza kujiuliza kama itaenea.

Novemba 2015 madaktari wa hospitali za Guy's na St Thomas', London, akiwemo Pankaj Chandak, walichapa mfano wa figo ya baba na mfano wa tumbo la mtoto wake wa karibu miaka mitatu. Waliweka mfano mmoja ndani ya mwingine, wakaangalia itakaa wapi. Baada ya hapo ndipo walipofanya upasuaji wenyewe, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, na figo ikafanya kazi.

Nayaandika haya nikiwa nyumbani Masagati, ng'ambo ya Mlimba, ambako mvua za masika zikichanganya, barabara ya kwenda Ifakara inakuwa habari ya kuulizana kila asubuhi. Siwezi kuisifu ile printa bila kuuliza inamfikiaje mtoto wa huku. Tanzania ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Muhimbili, kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata, ikisaidiwa na Wajapani. Hizo ni hatua kubwa. Lakini kutoka hapa Dodoma si karibu, wala Muhimbili.

Mwaka jana mtoto wa jirani alikuwa akiamka uso umevimba. Mahali pa kwanza alikopelekwa walisema ni minyoo, wakampa dawa, akarudi. Alipovimba miguu, mama yake akasema, "Mwanangu, hii siyo minyoo," akauza gunia la mpunga wakaenda mjini. Huko walipima mkojo kwa kijiti, wakakuta protini nyingi. Akatumia vidonge kwa miezi, uvimbe ukaisha. Hakufika kwenye kupandikizwa, na ndilo lililokuwa jambo la maana: wapo watoto ambao figo zao hufa kwa sababu hakuna aliyepima mkojo mapema.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfano wa plastiki wa London ni sehemu ya kujenga ukuta, na wanaouhitaji wapo. Siku moja nataka uchapwe Muhimbili pia. Ila bonde hili halianzi leo kukutana na sayansi. Katika miaka ya 1950 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara Ifakara, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Kama bonde limeweza kuifundisha dunia kuhusu mbu, kijiti cha mkojo kwenye kila zahanati, pamoja na mtu anayejua kukisoma, si ombi kubwa.