Kazi ya Likizo

Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, Waskoti walianzisha misheni mwaka 1922. Tiba ilikuja na shule, na aliyetaka kusoma na kuwa muumini aliacha ngoma za ukoo wake. Nyimbo za jando ndizo zilizochukiwa zaidi. Wakubwa walijua nguvu ya wimbo: mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku muthirigu, uliovuma kwa Wakikuyu ukiwakejeli wamisheni waliokataza tohara ya wasichana. Vizazi vilivyofika sekondari baadaye vilikabidhiwa Shakespeare.

Ubishi dhidi ya hali hiyo ulianzia Nairobi. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, ishike nafasi ya kwanza. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi katika shule za sekondari nazo. Silabasi haibadiliki kwa mkutano mmoja, lakini fasihi simulizi iliingia hatimaye, na utafiti wa nyanjani ukaja nayo.

Basi mwanafunzi wa Runyenjes au Maua, mashariki mwa mlima uleule, akafunga shule na kazi ya likizo: tafuta wimbo, uandike, eleza nani aliuimba, lini, kwa nini. Hapakuwa na kitabu cha kunakili. Ilibidi aende kwa cucu, yaani bibi yake. Cucu, ambaye huenda hakuwahi kukalia dawati, ndiye sasa aliyekuwa na majibu. Ila wimbo wa kupalilia hauimbwi na mtu mmoja aliyeketi kwenye kigoda. Unataka waitikiaji, na mjukuu hajui pa kuitikia. Beti nyingine za jando mzee hazitamki mbele ya asiyetahiriwa, seuze mbele ya binti. Kilichofika daftarini kilikuwa maneno matupu, tena yamefasiriwa harakaharaka usiku wa kuamkia kufungua shule. Kwa maoni yangu, hata hayo yalikuwa mengi kuliko yaliyosikika darasani kwa miaka 50 kabla yake.

Mwaka 1997 Ciarunji Chesaina wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu kizima cha fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere. Mwaka huohuo Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alitoa diwani ya Mchezo wa Karata, mashairi ya Kiswahili yasiyofuata vina wala mizani. Mwalimu aliyelelewa kwa kanuni za ushairi alizochapisha Amri Abedi mwaka 1954 angehesabu mizani 16 kwenye mshororo asiipate, aulize kama hilo ni shairi kweli. Swali la haki, kwa ushairi wa pwani. Lakini wimbo alioubeba mwanafunzi kutoka kwa cucu nao haukuwa na vina. Ulishikiliwa na mapigo na kiitikio, na hakuna aliyewahi kumwambia bibi yule kwamba anakosea.