Morgan Plus 8 na TVR Chimaera, uchaguzi baina ya

Magari ya Kiingereza ya viti viwili, yaliyoundwa kwa idadi haba, la kwanza Malvern, 1968 hadi 2004, la pili Blackpool, 1992 hadi 2003. Na mnunuzi aishiye Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, huenda akastaajabu kusikia kwamba mahasimu hawa wana moyo mmoja, yaani injini ya Rover ya silinda nane, ndugu wa ile iliyotiwa katika Range Rover. Hitilafu imo mwilini. Chimaera limevikwa bodi ya faiba juu ya fremu ya mabomba ya chuma, na kutu huyala mabomba hayo kimyakimya ilhali bodi yang'aa kama ya jana. Basi mwenye kununua na alale chini ya gari, agonge kila bomba kwa bisibisi, kabla ya kutaja bei. Kiunzi cha bodi ya Morgan ni cha mbao, ambazo huoza kwa unyevu (na mchwa wetu hawabagui mti wa kigeni), walakini seremala hodari ni rahisi kumpata kuliko fundi wa fremu ile. Yote mawili yako chini mno kwa barabara ya vumbi na makorongo. Alazimikaye kuchagua, achague Morgan.