Mwandani kama Shahidi: Uamuzi wa Kimaadili katika Michezo ya Fantasia, 1974–2009

Mhakiki wa fasihi amezoea kumhukumu mhusika kwa matendo ambayo msomaji hakuyatenda. Othello anapomwua Desdemona, mikono ya msomaji ni safi. Hali ni tofauti katika michezo ya fantasia ya tarakilishi, ambamo mchezaji hutwaa nafsi ya shujaa na kumwamulia la kutenda: kuua au kusamehe, kuiba au kulipa. Je, kosa linalotendwa katika ulimwengu wa kubuni, mbele ya mashine tu, lina uzito wowote? Makala haya yanadai kwamba uzito huo haukuletwa na kanuni za mchezo wala adhabu zake, bali na mhusika mwandani, yaani yule anayefuatana na shujaa safarini na kuyashuhudia ayatendayo.

Chimbuko la utanzu huu ni mchezo wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulichezwa mezani kwa karatasi, kete na mazungumzo. Kila mhusika aliwekwa katika mojawapo ya kambi tatu: ya sheria, ya vurugu, au ya wasiofungamana na upande wowote. Lakini juu ya kambi hizo palikuwa na mamlaka nyingine isiyoandikwa: wandani wa shujaa walikuwa binadamu walioketi meza moja na mchezaji, wenye macho ya kuona na vinywa vya kulaumu. Tarakilishi ilipoupokea utanzu huu, aghalabu mchezaji alibaki peke yake na viti vya wenzake vikawa vitupu. Historia inayofuata yaweza kusomwa kama historia ya jitihada za kuvijaza viti hivyo.

Jitihada mashuhuri ya awali ni Ultima IV ya Richard Garriott, iliyotolewa mwaka 1985. Badala ya kumwangamiza adui mkuu, shujaa anatakiwa kujikamilisha katika fadhila nane, zikiwemo ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Mchezo unafunguliwa na mtabiri anayeuliza maswali yanayozigonganisha fadhila mbili mbili, hivi kwamba kuichagua moja ni kuiacha nyingine. Baadaye shujaa hununua viungo vya uganga kwa muuzaji kipofu, na mchezaji mwenyewe ndiye anayehesabu sarafu. Akimpunja, hapigiwi kelele. Mashine huandika kimyakimya. Nguvu ya tukio hili ni kwamba usiri umegeuzwa kuwa mtihani. Udhaifu wake ni kwamba kinachojeruhiwa ni hesabu. Wandani wa shujaa, kila mmoja akiwakilisha fadhila fulani, hawamkemei. Ni wahusika bapa kwa maana kamili ya istilahi hiyo.

Katika Baldur's Gate, mchezo wa kampuni ya BioWare ya Kanada uliotolewa mwaka 1998, hesabu ilipata vinywa. Sifa njema ya kundi ikipanda mno, wandani waovu hulalamika na hatimaye huondoka; ikiporomoka, wema nao hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kumsaidia mnyonge huweza kumpotezea shujaa mpiganaji hodari. Wema umepata gharama. Hata hivyo, mwandani huondoka kwa sababu ya jumla ya alama, si kwa sababu ya tendo mahususi lililomuumiza.

Hatua ya kina zaidi ilipigwa mwaka 1999 katika Planescape: Torment, kazi ya studio ya Black Isle iliyoongozwa kiubunifu na Chris Avellone. Shujaa asiye na jina anazinduka katika nyumba ya maiti. Hafi akafa kabisa, na amesahau maisha yake yaliyotangulia. Dak'kon, mmoja wa wandani wake, amefungwa na kiapo cha utumwa. Polepole mchezaji hugundua kwamba kiapo hicho kilipatikana kwa hila: katika maisha ya awali, shujaa alimrudishia Dak'kon imani iliyompotea ili amfanye chombo chake. Deionarra naye, aliyempenda shujaa, aliongozwa kifoni makusudi. Mtendaji amesahau, waliotendwa hawajasahau. Hapa mwandani ndiye kumbukumbu ya kosa, na toba haiwezekani bila kumtazama usoni.

Dragon Age: Origins, ya mwaka 2009, inadhihirisha njia zote mbili kwa pamoja. Kila mwandani ana kipimo cha kumridhia shujaa, na kipimo hicho chaweza kupandishwa kwa zawadi. Urafiki unanunuliwa kama shoka. Lakini shujaa anapoamua kumsamehe Loghain, jemadari aliyelitelekeza jeshi la mfalme vitani, na kumpokea kundini, Alistair, ambaye mlezi wake Duncan aliuawa katika vita hivyo, anajitenga. Zawadi zote alizopewa hazimbakishi. Kwa kuwa msamaha huo una hoja nzuri za kivita na za kiutu, mchezaji hana pa kukimbilia: amechagua wema mmoja na kumsaliti rafiki.

Yaweza kupingwa kwamba mchezaji ana uwezo wa kurudia hatua iliyohifadhiwa na kulifuta kosa. Ni kweli, lakini kufuta huko hakuiondoi hukumu, kwani mchezaji anayerudi nyuma ili Alistair asiondoke amekwisha kukiri kwamba kuondoka kwake kuna maana. Mtu harudi nyuma kwa ajili ya asichokijali.

Basi mhakiki wa utanzu huu asiishie kuhesabu njia panda alizowekewa mchezaji. Inampasa kuuliza kama kuna yeyote katika kundi anayeweza kukataa. Mwandani asiyeweza kuondoka hawezi kusemwa kuwa amebaki, na pasipo anayebaki kwa hiari yake, uamuzi wa kimaadili hugeuka kuwa hesabu ya duka.